Siku Niliyopimwa Fimbo za Gofu

Mimi ni mwanamke mrefu. Nalisema hili kabla ya jingine lolote, maana wajukuu wananikuta nimekunjamana kwenye kiti changu cha ukili wanadhani nilizaliwa hivi. Nilipoolewa kutoka Mlola kuja Lushoto, mawifi walisema wameletewa mlingoti wa bendera. Niligonga kichwa kwenye mlango wa jiko la mama mkwe siku ya pili tu, na kovu lipo, mtu akitaka nitamwonyesha. Shule niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, kuandika naandika, ila polepole kama mtu anayechambua mchele, na haya yote nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumtuma mtu.

Pale bondeni, chini ya ile nyumba ya wageni ya zamani, Wazungu waliacha uwanja wa gofu. Sisi tuliukuta umekuwa malisho. Mbuzi walikula juu yake miaka na miaka, watoto wakaogelea kwenye madimbwi yake wakati wa masika, na mashimo ya kupigia kipira yakawa makazi ya vyura. Kisha ukaja wakati wa ruksa. Mitumba ikapanda milima kutoka Mombo, sabuni za kunukia zikarudi madukani, kila mwenye shamba la kabichi akawa mfanyabiashara, na ile nyumba ya wageni ikauzwa kwa mwekezaji. Neno lenyewe lilikuwa jipya. Wazee waliuliza, "Anawekeza nini? Mbegu?" Aliwekeza rangi, mabati na vitanda, kisha akasema uwanja urudi.

Uwanja hauwezi kurudi bila mtu wa kufyeka. Wakachukuliwa wanawake, nami nikiwamo. Mume wangu siku hizo alikuwa hakai nyumbani, alikuwa anafuatana na malori ya mboga kwenda Kariakoo, leo karoti, kesho plamsi, na akirudi alirudi na matenga matupu na usingizi. Kwa hiyo nilipopata kufyeka, nilifyeka. Fyekeo nililizoea tangu usichana. Siri yake si nguvu za mkono. Unasimama wima, unageuza kiuno, fyekeo linakwenda lenyewe kama mlango unaofunguliwa na upepo.

Msimamizi wetu alikuwa mama mmoja wa Moshi tuliyemwita mama meneja. Alikulia karibu na mashamba ya kahawa ambako Wazungu walicheza gofu, naye akaokota mchezo huo kwao. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Siku moja akasimama nyuma yangu.

"Wewe mrefu! Nani amekufundisha?"

"Kufundisha nini, mama?"

"Kupiga."

"Nafyeka tu."

"Basi fyeka na hiki." Akaweka kipira chini, akanipa fimbo yake. Na yeye alikuwa mrefu, karibu sawa nami.

Nikafyeka. Kipira kilipaa, kikawa kidogo kama punje ya mtama, kikaanguka ng'ambo ya kijito. Wenzangu wakatupa mafyekeo wakapiga vigelegele.

"Mwenzetu amekuwa Mzungu!"

"Mzungu wa Mlola!"

"Muulizeni kama chai atakunywa na sisi tena!"

Mama meneja hakucheka. Alisema, "Hebu piga tena." Nikapiga tena, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Ikawa nikimaliza kufyeka nabaki, napiga kwa fimbo zake. Sikuwahi kupenda kitu namna ile. Watoto wangu niliwapenda, hilo ni jambo jingine. Lakini kitu cha kwangu, kisichokula wala kulia, kilikuwa kile: kusimama, kugeuka, na kusikia ule mlio wa fimbo ikikutana na kipira mahali panapostahili. Ukipiga vibaya mikono inauma. Ukipiga vizuri huhisi chochote.

Mwekezaji aliposikia, akasema hivi: wageni wanawake watakuwa wengi, wanataka mwanamke wa kuwafundisha. Kutakuwa na mashindano ya wanawake Tanga. Huyu mrefu aende, na nitakwenda kumtazama mwenyewe. Akicheza vizuri, kazi ni yake, ya kudumu. Mwalimu wa uwanja! Mimi wa darasa la nne. Niliporudi nyumbani siku hiyo nilichota maji mara mbili, nilikuwa nimesahau kwamba nimeshachota.

Lakini fimbo za kukopa hazifai kwa mashindano, alisema mama meneja. Mchezaji wa kweli ana fimbo zilizokatwa kwa mwili wake, kama kanzu ya bwana harusi. Kule Tanga alikuwako mzee mmoja, fundi wa fimbo tangu enzi za Waingereza. Mwekezaji alitaka mambo yafanywe sawasawa, akamwita apande milima aje anipime.

Hapo ndipo habari ilipofika kwa mama mkwe.

"Mwanamume anakuja kupima mwili wa mke wa mwanangu?"

"Anapima mikono tu, mama. Na urefu."

"Urefu si mwili? Mumeo yuko Dar es Salaam. Hupimwi uwanjani kama ng'ombe wa mnada. Atakuja hapa uani kwetu, utepe nitashika mimi, na baba yenu atakuwepo."

Sikuona ubaya. Kusema kweli nilifurahi. Nilijua wangeweza kukataa kabisa, na nyumba nyingine wangekataa. Baba mkwe ndiye aliyesema mwache apimwe, mtoto wa watu ana mkono mzuri. Alikuwa mtu wa swala tano, mpole, hapendi kelele, na mimi alinipenda kuliko mabinti zake wa kuzaa, jambo ambalo mawifi hawakunisamehe.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu vijana wa leo wanawapigia wakwe zao makofi ya mgongoni. Kwetu, katika nyumba ile, mkamwana hakusimama wima mbele ya baba mkwe. Ukimwona unateremsha khanga kwenye paji la uso, unakunja magoti, macho yako yanatazama miguu yake. Akiwa amekaa, unajishusha zaidi, maana haiwezekani kichwa chako kipite juu ya chake kama tawi. Hakuna aliyekulazimisha kwa fimbo. Mama yangu alinifundisha hivyo Mlola kabla sijajua nitaolewa wapi, na mwili ukishajifunza haukuulizi tena. Mimi kwa urefu wangu nilijikunja kuliko wenzangu wote, na nilijivunia.

Fundi akaja. Mzee mwenye kofia ya vito na koti zito juu ya kanzu, maana baridi yetu haiwaonei haya watu wa pwani. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimepiga goti. Akaitikia marahaba, mwanangu, akageuza uso pembeni kwa heshima. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na banda la ng'ombe, koti la kaki begani, kikombe cha chai mkononi. Mama mkwe alikwisha kushika utepe kama anayekamata nyoka.

Akasema fundi, "Simama, mwanangu, kama usimamavyo siku zote."

Nikasimama kama nisimamavyo siku zote uani kwa baba mkwe.

Mama mkwe akashika utepe kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, akaushusha hadi ardhini, akausoma kwa sauti. Fundi akaomba usomwe tena. Mama mkwe akausoma tena, safari hii kwa hasira kidogo.

"Bibi," fundi akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepapasa gizani, "mwanenu huyu ndivyo asimamavyo kila siku?"

"Ndivyo asimamavyo. Tangu tumemleta hapa sijamwona akisimama vingine."

Baba mkwe akakohoa kile kikohozi chake cha kuridhika. "Huyu katoka kwa watu," akasema.

Je, ningesema nini? Ninyi mnaosoma, mngesema nini? Maneno yenyewe yalikuwepo mdomoni: mzee, nikipiga kipira nasimama wima. Lakini kuyasema ni kumwambia baba mkwe ondoka hapa, wewe ndiye unayenikunja. Na kunyooka kimyakimya, nikamtokea juu kama mnara, kulikuwa kubaya zaidi ya kusema. Tena nitasema kweli, wakati ule sikujua kama kipimo kile kina uzito. Nilidhani fundi ni fundi, atajua mwenyewe la kuongeza.

Akaweka ubao chini. Akabandika utepe wa karatasi chini ya fimbo moja ya chuma, akaniambia nipige juu ya ubao ule, aone fimbo inagusa wapi. Nikapiga, magoti yamekunjwa, khanga kichwani, kuku wakatawanyika. Alama ikaingia upande wa kisigino cha fimbo, pale kichwa cha chuma kinapoungana na mpini. Akaitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Kichwa cha fimbo nitakilaza kidogo, kimfuate mikono."

Kisha akataka kiganja changu kichorwe kwenye karatasi. Mama mkwe alikichora kwa penseli, ulimi nje, kama mtoto wa chekechea.

"Kiganja cha mkulima hiki," akasema fundi. "Mshikio utakuwa mnene."

Akala ugali na maharage, akamsifu ng'ombe, akashuka zake Mombo.

Fimbo zilikuja na basi, zimefungwa gunia. Mama meneja alizifungua mbele ya wafyekaji wote. Ziling'aa. Nilishika moja, na mshikio ukanikaa mkononi kama mkono wa mtu ninayemjua. Nikasimama wima kupiga, na fimbo haikufika chini.

Ilining'inia juu ya nyasi kama kamba ya ndoo kisimani wakati wa kiangazi. Nikaishusha mikono, nikakunja magoti, ndipo ikagusa. Nikapiga vile. Kipira kikabingirika kama kiazi kilichoponyoka kwenye kikapu. Nikajaribu kusimama wima na kunyoosha mikono mbele, pua ya fimbo ikachimba udongo, ikageuka mkononi, kipira kikaenda kulia kwenye migunga.

Wenzangu wakacheka, hawakuwa na ubaya. Mimi nilijua palepale. Zile hazikuwa fimbo za mchezaji. Zilikatwa kwa kipimo cha mkamwana.

Jioni nilimwendea mama mkwe akichambua mboga. "Mama, naona zile fimbo ni fupi."

"Fupi? Si nilishika utepe mwenyewe?"

"Ulishika, mama."

"Unataka kusema sijui kushika utepe?"

"Hapana, mama."

"Au nilisoma vibaya? Niite jirani aje asome?"

"Hapana, mama."

Mume wangu aliporudi nilimweleza tukiwa shambani tunapalilia. Aliegemea jembe, akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa nikamwambie nini mzee? Asikae uani kwake?" Kisha alipoona sicheki, akasema, "Utazizoea. Hata mimi viatu vya mtumba vilinibana mwanzoni."

Kwa mama meneja nilijaribu pia. Nilimwomba nichezee fimbo zake. Akanitolea macho. "Mtu amepanda kutoka Tanga kwa ajili yako! Hizi zimekatwa kwa mwili wako mwenyewe, nani mwingine hapa ana bahati hiyo? Na bwana mkubwa anakuja kukuona na hizi, si na zangu." Ningemweleza sababu, huyo asingekaa nayo. Namjua. Angepanda hadi nyumbani na viatu vyake virefu na ile sauti yake, amwambie mzee wa watu mbele ya wajukuu kwamba ameharibu kipimo kwa kukaa kwenye kigoda chake. Na mimi ningekuwa mkamwana aliyemtuma mgeni kumtukana baba mkwe ambaye ndiye aliyenipa ruhusa.

Na mzee alikuwa amefurahi mno! Msikitini aliwaambia wenzake, "Mkamwana wangu ana fimbo za kupimwa." Rafiki zake walikuja kutoka Mlalo wakauliza kama ni kweli. Akanituma nizilete wazione. Nikazileta nimejikunja, nikaziweka miguuni pake, na pale nilipokuwa nimejikunja, wallahi, zilikuwa zinanifaa kabisa.

Nikafanya mazoezi ya kupiga nikiwa nimeinama. Mgongo uliniuma hata kwenye sijda. Nilianza kupatia kidogo, vipira vya karibu, vile vya kusukuma shimoni. Vya mbali havikutaka. Kiuno hakigeuki ukiwa umechuchumaa, na bila kiuno nilikuwa sina kitu.

Tanga kulikuwa na joto la kupika yai. Wanawake waliocheza walivaa kofia nyeupe na sketi za kukunjwa, nami sketi yangu ya mtumba na raba. Mwekezaji alisimama kivulini. Cha kwanza nilipiga nikiwa nimeinama, kikabingirika, watu wakapiga makofi ya kunionea huruma, makofi yale laini ambayo ni mabaya kuliko zomeo. Cha pili nilikasirika, nikasimama wima kama Mungu alivyoniumba, pua ya fimbo ikachimba, kipira kikaingia vichakani kulia. Cha tatu vivyo hivyo. Kijana mbeba mikoba akaninong'oneza, "Mama, inama kidogo." Nikamwambia, "Nimeinama vya kutosha." Alidhani namtania.

Mwekezaji hakungoja mwisho. Niliona mgongo wake ukienda kwenye gari.

Kwenye basi la kupanda kutoka Mombo, mama meneja alikaa kando yangu akitazama nje njia nzima. Tulipopita maporomoko akasema, "Nilidhani unaweza." Si kwa hasira. Angekasirika ningeweza kujibu.

Kazi akapewa binti wa Moshi, mwenye suruali, aliyesimama wima mbele ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Alikuwa mzuri, simsemi vibaya. Nilifyeka nyasi aliposimama kufundisha. Siku moja wageni walipokwisha kuondoka aliniambia, "Dada, wanasema ulikuwa unapiga. Hebu nione." Akanipa fimbo yake ndefu. Nikaweka fyekeo chini. Uani kulikuwa mbali, hapakuwa na mzee yeyote, upepo tu na nyasi zilizokatwa. Nikasimama, nikageuka. Sikuhisi chochote mikononi. Kipira kilivuka kijito, kikavuka miti, kikaenda hata binti mwenyewe akashika kiuno.

Mama meneja alikuwa barazani. Alishuka mbio hadi pale. "Sasa kwa nini hukupiga hivi Tanga?"

"Tanga kuna joto," nikasema.

Alinitazama muda mrefu, akiona kuna jambo na asilione. Kisha akarudi zake juu.

Baba mkwe aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alipougua ni mimi niliyemuuguza, nikamlisha uji, nikamgeuza kitandani. Mara moja aliniuliza, "Mwanangu, kule Tanga ulishindwa na nini?" Nikasema, bahati, baba. Akasema, "Lakini ulipimwa vizuri. Mimi nilikuwepo." Nikasema ndiyo, baba, ulikuwepo.

Siku ya arubaini yake watu walijaa mpaka barabarani. Mzee mmoja wa Mlalo akasimama kusema wasifu wa nyumba, akafika kwangu. Akasema marehemu alikuwa na mkamwana ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwona ameinua uso mbele yake, na kwamba wanawake wa siku hizi waje wamtazame huyu. Wanawake wakageuka kunitazama. Mawifi nao. Sifa ile ilikuwa ya kweli, sikuiiba, na nilipoisikia kifua kilinijaa. Niliinamisha kichwa zaidi. Na chini ya khanga, pale ambapo hakuna aliyeniona, nilikuwa nalia, na hao waliokaa karibu nami walidhani namlilia mzee. Nilimlilia pia. Lakini niliililia na ile kazi. Niliitaka. Mpaka leo nikipita na kuona mtu anafyeka, mabega yangu yanageuka yenyewe.